Mwalimu, ultrasound isubiri: anzeni na usiku

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya kituo cha afya katika kata moja iliyo kando ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara. Tangu vita ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ianze, kituo chetu kinapokea wajawazito wetu pamoja na wengine wanaovuka kutoka ng'ambo. Mwaka ambao korosho zinauzwa vibaya, mtu hana hata nauli ya bodaboda. Sasa vijana wetu walioko Dar es Salaam wamechanga shilingi milioni 18 na wanataka watununulie mashine ya ultrasound. Tukubali? Na huko kwenye vita kubwa kuliko hii ya jirani zetu, huduma za uzazi zinaendeshwa vipi?"

Mwalimu, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana karibu kila neno lake nimewahi kulipitia. Nimekuwa mkunga miaka 26, sehemu kubwa hapa Lindi na Mtwara, na kwa kipindi fulani kwenye kambi za wakimbizi kule Kigoma. Jibu langu fupi ni hili: washukuruni sana hao vijana, kisha waombeni ruhusa ya kubadilisha matumizi ya fedha yao. Ultrasound isubiri.

Siisemi vibaya mashine hiyo. Inaonyesha mapacha, inaonyesha kondo lililokaa kwenye mlango wa kizazi, inasaidia kujua umri wa mimba, na Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2016 kwamba kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Lakini ulifanyika utafiti mkubwa vijijini katika nchi tano, yaani Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala, na matokeo yake yakatoka 2018. Maeneo mengine yalipewa ultrasound na mafunzo ya kuitumia, mengine yakaendelea bila. Mwishowe idadi ya mama waliojifungulia hospitali haikupanda kwa sababu ya mashine, wala vifo vya mama na watoto havikupungua. Hatari ilionekana mapema, lakini safari ya kutoka kijijini hadi chumba cha upasuaji ilibaki na urefu wake ule ule.

Sisi wakunga tunafundishwa hesabu moja ya kutisha. Ni makadirio ya muda alionao mama tangu tatizo lianze, asipopata msaada. Akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, ana kama saa 2. Akitokwa damu kabla ya kujifungua, saa 12. Kizazi kikipasuka, siku 1. Kifafa cha mimba, siku 2. Uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani, siku 3. Maambukizi, siku 6. Sasa chukua kata yako uipime kwa saa hizo. Kutoka kwenu hadi Ligula, hospitali ya mkoa, ni mwendo wa muda gani wakati wa kiangazi? Na mwezi wa tatu, barabara ikiwa tope? Mwenye uchungu pingamizi bado mnaweza kumfikisha. Anayevuja damu saa nane za usiku hatafika popote kama damu haijazuiwa hapo hapo mlipo.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, kwenye kituo kimoja nisichokitaja, tulimpokea mama wa uzazi wa tano. Mtoto alitoka vizuri, akalia. Kondo likatoka lote. Tukamsafisha, tukamlaza juu ya kanga zake, nami nikaandika kwenye faili kwamba damu ni ya kawaida. Kanga zile zilikuwa nyekundu zenye pindo jeusi, doti mpya aliyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo, na mwanga tuliokuwa nao ulikuwa wa chemli. Baada ya kama nusu saa nikamgusa mkono: wa baridi, una jasho. Nilipoinua kanga ilikuwa nzito kama nguo inayotolewa kwenye beseni la kufulia. Dawa ya kukaza kizazi ilikuwepo, kwenye kabati la mbao karibu na dirisha la magharibi, imepigwa na joto la Lindi kwa miezi isiyojulikana. Tukamchoma sindano, tukasubiri, kizazi kikabaki laini kama unga uliokandwa. Jenereta ilikuwepo pia, ila ufunguo wa chumba chake alikuwa nao mtunza stoo, naye alikuwa amekwenda msibani. Mama yule alipona kwa sababu zamu ile alikuwepo mkunga mmoja mzee, aliyemkandamiza kizazi kwa mikono miwili, mmoja ndani na mwingine juu ya tumbo, mpaka gari likapatikana alfajiri, na njia nzima hakuachia. Vidole vyake vilikufa ganzi. Siku ya pili yake hakuweza kushika kalamu.

Huo usiku ndio ulionifundisha kazi hii, na ndio ninaotaka fedha za vijana wenu zinunue.

Kwanza damu ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Kila mama baada ya kujifungua alitandikiwa plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, damu inatiririka humo na mkunga anasoma kiasi. Ikifika kiwango cha hatari, anafanya yote kwa mfululizo bila kusubiri moja lishindikane ndipo aende jingine: kusugua kizazi, dawa ya kukikaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kuchunguza kama kuna mchaniko. Kutokwa damu kwa kiwango kikali na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye vipimo, Mwalimu! Na msipoipata, nunueni mizani ya jikoni. Kanga ipimwe ikiwa kavu, ipimwe tena ikiwa imelowa, tofauti ya gramu uihesabu kama mililita. Ikikaribia 500, hiyo siyo tena damu ya kawaida, hata kama mama anatabasamu. Wengi wao hutabasamu mpaka dakika za mwisho.

Pili, oksitosini. Hiyo ndiyo dawa ya kukaza kizazi, inachomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, na inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kituo chenu bila shaka kina friji ya chanjo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaruhusu oksitosini kuhifadhiwa humo, mradi iwe na boksi lake lenye alama na isichanganywe na chanjo. Hiyo haigharimu hata senti. Inahitaji mhudumu wa chanjo na mkunga wakubaliane, na mkunga wa usiku awe na ufunguo. Upande wa kifafa cha mimba dawa ni magnesia salfeti, nayo inavumilia joto. Utafiti wa 2002 ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu kwa wenye dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Kinachokosekana mara nyingi ni kipimo cha presha chenye betri nzima na mtu anayekitumia kwa kila mama, hata yule aliyekuja akilalamika kichwa tu.

Tatu, mwanga, na hapa ndipo ningeweka fungu kubwa. Daktari mmoja Mmarekani, Laura Stachel, alikwenda Nigeria mwaka 2008 akakuta wakunga wakizalisha kwa taa za mafuta na upasuaji ukisimama umeme ukikatika. Akaanzisha na wenzake kitu kama sanduku la safari lenye sola, betri na taa za leba, na leo masanduku hayo yako kwenye maelfu ya vituo duniani. Kwetu umeme unakatika mvua zikianza, unarudi ukitaka. Paneli, betri za kutosha kulala na kuamka, taa mbili leba, moja ya upasuaji, na soketi ya kuchajia simu ya zamu. Simu isiyo na chaji saa nane usiku ni sawa na gari lisilo na magurudumu. Wekeni pia fungu la kubadilisha betri. Nimeona paneli nyingi nzuri juu ya mapaa, chini yake mkunga anashika tochi kwa meno.

Damu ya kuongezewa ni jambo gumu zaidi, nami sitaki kulipitisha haraka. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kisicho na damu ni hatari kuliko kile kisicho na upasuaji kabisa, kwa sababu kinampasua mtu kisichoweza kumrudishia alichopoteza. Tangu 2017 Serikali imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji, na hilo limeokoa watu. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ulionyesha 104. Ni mabadiliko makubwa na yana wenyewe, wakunga na madaktari wa vijijini. Lakini kwenye baadhi ya vyumba hivyo mtaalamu wa usingizi ni mmoja, akienda likizo mlango unafungwa. Waulizeni halmashauri mambo mawili: nani anatoa usingizi pale kituoni, na asipokuwepo ni nani? Kama jibu la pili ni kimya, msiyape majengo fedha kwanza.

Tengenezeni orodha ya wachangia damu wanaotembea. Watu 30 waliokwisha kupimwa kundi, wenye namba za simu, wanaokaa karibu na kituo. Damu nyingi ya nchi hii inatoka kwa wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa benki inapungua, na kwenye Ramadhani inapungua zaidi huku kwetu pwani. Wewe ni mwalimu, unajua kalenda. Panga zoezi la uchangiaji wiki ya mwisho kabla shule hazijafungwa, na jingine kabla ya mwezi mtukufu. Hakuna mtu kwenye kamati yenu anayeweza kufanya hilo vizuri kuliko wewe. Na damu lazima ipimwe magonjwa hata kama usiku ni wa dharura. Vipimo vya haraka vipo, viombeni mapema.

Kuhusu watoto niseme machache. Asilimia kubwa ya wanaozaliwa bila kupumua wanahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na kupuliziwa hewa kwa ambubegi ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo hayo yalijaribiwa hapa hapa Tanzania, na matokeo ya 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za mwanzo vikipungua kwa karibu nusu. Njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, wawekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu hospitali ile haikuwa na mashine za joto za kutosha. Kanga ya kumfungia kifuani mnayo.

Sasa nauli. Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma za mjamzito ni bure, lakini mama wa kata yenu anajua bei halisi: bodaboda, chakula cha anayemsindikiza, beseni, mpira wa kutandika, glovu, wembe, uzi, pamba, doti mbili za kanga. Asiyekuwa navyo anaona aibu kuja. Anabaki nyumbani akisema uchungu bado, mpaka chupa inapasuka na mtoto yuko njiani. Kila mwaka korosho zikishuka bei ninaona wanawake wa namna hiyo wakiongezeka. Mnakumbuka msimu wa 2018, minada iliposimama na Serikali ikaagiza jeshi kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kuna wakulima waliosubiri malipo kwa miezi mingi, na mimba hazikusubiri. Fedha ya kusini inaingia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, halafu inakauka. Kwa hiyo mfuko wa nauli ujazwe wakati huo. Ongeeni na AMCOS yenu, chama cha msingi cha ushirika, wanachama wenyewe wakubali kwenye mkutano makato madogo kwa kilo, yaingie kwenye akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao mwanamke. Lisiwe jambo la amri. Makato ya kulazimisha yameudhi watu wengi huku kwetu na mna haki ya kuyaogopa.

Halafu namba 115 ibandikwe kila mahali, kwa mwenyekiti wa kitongoji, msikitini, kanisani, kwenye kijiwe cha bodaboda. Ni ya M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Kupiga ni bure, na kama hakuna gari la wagonjwa karibu, mfumo unaita dereva wa kijijini aliyesajiliwa na kumlipa. Hakikisheni kata yenu ina madereva waliosajiliwa, na ambao magari yao yanawaka. Wenye nyumba za mbali, hasa waliowahi kupasuliwa, wenye mapacha na wenye uzazi wa tano na kuendelea, waje mapema wasubirie karibu na kituo. Vyumba viwili vyenye choo na jiko la kuni vinatosha kuanzia. Mei 2024 barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga kwa mvua na kimbunga Hidaya. Wiki ile kila aliyetegemea rufaa ya Muhimbili alibaki na kile kilichokuwepo kusini. Nimekuwa nikiwaambia vijana kazini tangu hapo: pangeni kana kwamba daraja halipo.

Nafika kwa wanaovuka mto. Hili umeliandika kwa sentensi moja, lakini nahisi ndilo linalokuumiza.

Vita ile ilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, Palma ikashambuliwa Machi 2021, na watu karibu milioni 1 wakahama makwao. Vituo vya afya vingi upande ule vilichomwa au vikakimbiwa. Na ninyi wenyewe mmeonja: Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya. Kwa hiyo sishangai mtu wa kata yenu akimtazama mgeni kwa wasiwasi. Nimekaa na watu wa Kitaya, najua walichozika. Hata hivyo mwanamke anayeshuka kwenye mtumbwi akiwa na mimba ya miezi minane amemkimbia yule yule aliyewatesa ninyi.

Naye anaogopa kituo chenu pia. Mwaka 2021 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilisema wazi kwamba maelfu ya watu walirudishwa Msumbiji kupitia mpaka wa Negomano. Habari hizo zinasafiri kwa simu haraka kuliko gari. Matokeo yake mama anajificha kwa ndugu, anahudhuria kliniki sifuri, anakuja damu imeshamwagika. Dawa ya hofu hiyo ni mpangilio wa mapokezi. Mweke kitandani, tazama kama anatoka damu, pima presha, sikiliza mapigo ya mtoto, pima urefu wa tumbo, chukua damu kidogo kwa kundi, wingi wa damu, kaswende na VVU. Jina na kijiji vije baada ya hapo. Uhamiaji wana ofisi yao na kazi yao. Leba isigeuzwe kuwa kizuizi cha barabarani. Akiwa na kadi ya kliniki ya Kireno msiitupe, tarehe na kundi la damu vinasomeka kwa lugha yoyote.

Mna utajiri ambao daktari wa kigeni angelipia: Wamakonde wako kingo zote mbili. Nilikuwa kwenye kituo kimoja cha mpakani siku mama mmoja kutoka ng'ambo alipokataa kabisa kupanda kitanda cha kujifungulia. Muuguzi alimsihi kwa Kiswahili, akakaza macho ukutani. Aliingia mfanya usafi, mama mtu mzima, akaweka ndoo chini, akamsemesha Kimakonde kwa sauti ndogo. Mgonjwa akaanza kulia. Kumbe alidhani atafungwa kwenye kile kitanda kwa ile mikanda ya miguuni. Waliitoa mikanda, akajifungulia amechuchumaa chini kwenye mkeka safi, mtoto wa kike. Muwe na orodha ya watu wawili watatu wa aina hiyo, wafundishwe kutunza siri, na wapewe posho.

Na wapo watakaokuja wamebakwa. Muulizeni kila mmoja faraghani, bila mume, bila mama mkwe, bila mlinzi. Dawa ya kuzuia VVU inafanya kazi ikianza ndani ya saa 72, ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Matibabu yaanze, PF3, ile fomu ya polisi, ifuate. Hilo mliandike ukutani kwenye chumba cha zamu.

Wazee wenu watakumbuka kwamba hii si mara ya kwanza. Wakati wa vita ya ukombozi ya Msumbiji, 1964 hadi 1974, FRELIMO, wapigania uhuru wa nchi hiyo, walikuwa na hospitali yao Mtwara, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani 1968. Mji huu umewahi kubeba majeruhi wa ng'ambo ukiwa maskini kuliko ulivyo sasa.

Uliuliza wenzetu wa vita kubwa wanafanyaje. Mwaka 2023 wanawake kama 260,000 walikufa kwa sababu za uzazi duniani, na asilimia 61 ya vifo hivyo ilikuwa katika nchi 37 zenye vita au taasisi dhaifu, ingawa zilikuwa na robo tu ya vizazi. Wanaofanikiwa huko wameanza na watu. Denis Mukwege, daktari wa Bukavu, Kongo, alikuwa hospitali ya Lemera. Oktoba 1996 hospitali ile ikashambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, nia yake ya kwanza ikiwa ni kupunguza vifo vya wazazi. Hargeisa, mji wa Somaliland uliopigwa mabomu hadi ukawa vifusi mwaka 1988, mkunga Edna Adan Ismail alistaafu kazi ya kimataifa, akatumia mali yake kujenga hospitali ya uzazi iliyofunguliwa Machi 2002. Alianza kufundisha wauguzi jengo likiwa halijakamilika. Ningependa kamati yenu ikae na jambo hilo moja kwa muda mrefu.

Kuta hazilindi. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unataja wajawazito kwa jina, lakini tarehe 12 Mei 2020 watu wenye bunduki waliingia wodi ya wazazi ya Dasht-e-Barchi, Kabul, wakaua watu 24, kati yao mama 16. Kwa hiyo wenzetu wa vitani hawaweki kila kitu chini ya paa moja. Wanagawa vifurushi vya kujifungulia kwa kila mwenye mimba inayoonekana: sabuni, plastiki, wembe mpya, uzi wa kitovu, glovu, kitambaa cha mtoto. Wanajua nani yuko mwezi wa ngapi na analala wapi. Na wanapiga hesabu mapema, ambayo unaweza kuipiga ubaoni: kwa watu 10,000, kwa kiwango cha vizazi cha asilimia 4 kwa mwaka, tarajia watoto 400, kama 33 kwa mwezi. Asilimia 15 ya mama hao watapata tatizo, yaani kama 5 kila mwezi, na wawili hadi watano watahitaji upasuaji. Weka idadi ya watu wa kata yako, ongeza waliovuka, utapata idadi ya dripu, sindano na chupa za damu za kuomba robo mwaka ijayo. Mganga mkuu wa wilaya ni vigumu kuikataa karatasi yenye hesabu hiyo.

Fedha inayobaki, Mwalimu, iingie kwenye nyumba ya mkunga. Choo ndani, wavu kwenye madirisha, taa nje, umbali wa kuita kwa sauti kutoka leba. Nimeona wakunga hodari wakiomba uhamisho kwa sababu ya popo darini na mwendo wa nusu saa gizani, halafu kijiji kinasema hawapendi kazi. Na mkimpata anayekaa, msikieni akisema amechoka. Mkunga wa zamu tatu mfululizo ndiye anayemkaripia mama wa watu, na mama aliyekaripiwa hujifungulia nyumbani mara ijayo, pamoja na mdogo wake na wifi yake.

Kabla hamjawajibu vijana, nakuomba ufanye jambo moja. Chagua usiku wa katikati ya juma, nenda kituoni saa nane usiku pamoja na mwenzako mmoja wa kamati na mganga mfawidhi mwenyewe, ili asione mmemvizia. Zimeni umeme kwenye swichi kuu kama hakuna mama leba. Muombeni mkunga wa zamu awaonyeshe oksitosini, magnesia, ambubegi, kipimo cha presha, ufunguo wa stoo na simu yenye chaji. Shika saa. Andika kila kitu kilichukua dakika ngapi kupatikana, na kipi hakikupatikana. Kisha niandikie, tupange hizo milioni 18 kwa kufuata orodha hiyo.